Walinipigia Wakiniita Baba Rahmah

Nilipata mtoto kwa simu.

Sijakosea kuandika. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Niko dukani Jinja nafunga mnyororo wa baiskeli, mwanamke nisiyemjua akanipigia na kuniambia mapafu ya binti yangu yanakua vizuri.

Mimi sina binti. Sina mtoto yeyote.

Naitwa Ooko. Kwetu ni Ugunja, Kenya, lakini huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Jinja, Uganda. Nauza vipuri vya baiskeli kwenye zile nyumba za zamani za Wahindi, mtaa mmoja kutoka soko kuu.

Mke wangu, Ashley, aliondoka 2019. Tulitafuta mtoto miaka sita, wapi. Mwisho tukawa tunaishi kama wapangaji wawili. Alirudi kwao, akaolewa, sasa ana wawili. Simlaumu.

Baada ya hapo nilizoea kunyamaza. Kuna siku duka likifungwa nilikuwa nakaa mpaka kesho yake bila kusema neno. Mteja wa kwanza akiniuliza bei, sauti inatoka imekwaruza mpaka naona aibu.

Mwezi mmoja kabla ya simu hiyo niliibiwa simu sokoni, nikasajili laini mpya. Sikujua kwamba namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni humpa mtu mwingine. Kumbe ile yangu ilikuwa na mwenyewe.

Mwanamke alianza kwa Luganda. Nilipomjibu kwa Kiswahili, akageuka na kuongea Kiswahili chake cha kuvunjavunja. Alisema yeye ni nesi Nambozo, wa utafiti fulani Mbale. Wanafuatilia mapafu ya watoto tangu wanazaliwa, hasa waliozaliwa kabla ya siku zao, ili wajue nani atakuja kupata pumu na kwa nini. Alikuwa amepokea kazi hiyo kwa mwenzake juzi tu. Alisema wamenitafuta muda mrefu, simu haipatikani.

"Naongea na baba Rahmah?" aliuliza.

Jibu lilikuwa rahisi. Hapana, dada, umekosea namba. Basi.

Nikasema, "Ndiyo, ni mimi."

Msiniulize kwa nini. Hakuna mtu aliyewahi kuniita baba fulani, nafikiri ni hilo tu. Nilitaka kulisikia mara moja, halafu nimwambie ukweli.

Sikumwambia.

Alifurahi kunipata, kwa sababu kwenye faili la mtoto sehemu ya baba ilikuwa tupu. Akaanza kuniuliza maswali. Navuta sigara? Sivuti. Je, kwa ukoo wangu kuna mwenye pumu, mimi, ndugu zangu, wazazi?

Nikasema hakuna.

Ilikuwa kweli kabisa. Ugunja kwetu hakuna mwenye pumu. Lakini huo ulikuwa ukweli wangu mimi, na yeye akauandika kwenye faili la mtoto wa mtu mwingine.

Toka siku hiyo akawa ananipigia kila baada ya wiki mbili tatu. Mama wa mtoto hakuwa na simu, namba ilikuwa hiyo moja tu. Nambozo ananiomba nimkumbushe mama siku ya kupima. Mimi naitikia, sawa, nitamwambia. Nimwambie vipi, na jina lake nimelisikia kwake huyo huyo nesi? Lakini mama alikuwa na kadi yenye tarehe, hakuwahi kukosa. Nesi akaamini mimi ni baba makini.

Alinielezea kila kitu. Rahmah alizaliwa wa miezi saba. Siku ya kupima wanasubiri anyonye, alale, ndipo wanamwekea kifuniko laini puani na mdomoni, na mashine inasoma kila pumzi.

"Mapafu yake inaendelea kujijenga, baba Rahmah," aliniambia siku moja. "Mutoto akishazaliwa, kazi hiyo haijaisha. Inaenda miaka mingi."

Nami nikamuuliza kama analala vizuri. Nikamwambia amsalimie mama yake.

Nilinunua kalenda. Nikawa naweka alama kila siku ya kupima. Siku hizo nilikuwa naamka mapema kama mimi ndiye ninayempeleka.

Halafu nikaongeza uongo juu ya uongo. Jirani yangu dukani ni fundi cherehani, mzee Kirunda. Siku moja nikamwambia binti yangu yuko Mbale na ameanza kutambaa. Akanipongeza kwa moyo. Akataka kuona picha. Nikamwambia simu yangu haitunzi picha.

Mtoto alipofika miezi kumi na mmoja, Nambozo akanipigia sauti imebadilika. Rahmah alikuwa anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Zahanati walimpa dawa ya kifua, akapata nafuu. Mwezi uliofuata akanipigia tena, imerudi. Wakampa dawa ile ile.

"Hakika kwenu hakuna pumu?" aliniuliza tena.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nililijua kabisa.

Nikasema, "Hakuna."

Ile ya kwanza naweza kujitetea. Hii siwezi.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi mchana, mvua inapiga mabati ya Jinja, simu ikaita. Nambozo hakunisalimia. Aliniambia mtoto yuko hospitali, amewekwa oksijeni, mama yuko peke yake, nije haraka. Na daktari alikuwa anauliza kwa mara ya mwisho habari ya ukoo wa baba, maana mtoto alikuwa haitikii dawa na walitaka kuwa na uhakika ni kitu gani wanapigana nacho.

Nyuma ya sauti yake nikasikia kitu. Mlio mwembamba, unavuta, unakwama, unavuta tena.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Rahmah.

"Nesi," nikasema, "mimi si baba yake. Sijawahi kumwona. Namba hii nilipewa nikisajili laini. Baba yake simjui. Msitumie chochote nilichosema."

Akakata.

Nilifunga duka na kupanda basi la Mbale. Sasa hakuna aliyekuwa ananiita. Kuanzia Iganga nilikuwa napanga maneno ya kuomba msamaha, nayapanga, yanavunjika. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanizunguka kichwani: kama mtoto atakufa, nitakuwa nimemuua, na hata sura yake siijui.

Nilifika saa kumi na mbili jioni. Nje ya wodi ya watoto alikuwa amesimama mwanamke mfupi mwenye sare. Nilipouliza tu wodi ni ipi, alinitambua kwa sauti.

"Wewe ndio ule," alisema. Hakuwa anauliza.

Aliniambia kwamba alipokata simu alienda moja kwa moja kwa mama mtoto na kumuuliza baba yuko wapi. Mama akasema baba amekufa. Aliitwa Muzafaru, alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha nafaka huko Jinja. Alikufa kwa pumu wakati mimba ina miezi mitano; namba yake ilikuwa imeshaandikwa kliniki kabla ya hapo. Daktari aliposikia hivyo alibadilisha matibabu saa ile ile. Mtoto sasa alikuwa anavuta hewa vizuri zaidi.

Nilikaa kwenye benchi. Nilitaka kuondoka kabla mama hajatoka, nasema ukweli wa Mungu.

Alitoka.

Hajarah, mama yake Rahmah, ni msichana mdogo kuliko nilivyofikiria. Alikuwa na hijabu ya kahawia na leso mabegani. Alikaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Aliuliza kama ndiye mimi niliyekuwa napokea simu. Nikasema ndiye. Nikaanza msamaha wangu wa njiani, akanyanyua kiganja kuninyamazisha.

"Mimi nilijua," alisema.

Sikumwelewa.

"Mume wangu nilimzika mwenyewe. Nesi aliponiambia ameongea na baba Rahmah, nilijua ni mtu amepata namba yake. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: amekufa." Alikunja ncha ya leso. "Lakini nesi akasema, baba ameuliza kama mtoto analala vizuri. Amekusalimu. Nikaenda chooni nikalia. Ilikuwa kama Muzafaru yuko Jinja kazini tu, atakuja mwisho wa mwezi. Nikaacha hivyo."

Kumbe kila akienda kupima alikuwa anamuuliza nesi, baba amesemaje. Miezi tisa tulikuwa tunasalimiana, mimi na yeye, kila mmoja anajua ni uongo na hakuna anayetaka kuuvunja.

Habari ya swali la pumu hakuijua, na zahanati walimwambia ni kifua tu. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu sehemu ya baba ilikuwa imeshajazwa na baba.

Halafu akasema, bila hasira, akiangalia mlango wa wodi:

"Wewe ulitaka mtoto. Mimi nilitaka mume. Rahmah alitaka hewa tu."

Aliniruhusu kumwona dakika mbili. Ni mdogo kuliko nilivyomweka kichwani. Kifuniko kimeziba nusu ya uso, mvuke wa dawa unatoka pembeni, kifua kinapanda na kushuka. Alifungua macho akaniangalia. Akanipita, akatafuta mama yake.

Nililala kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Malukhu. Asubuhi nikaenda ofisi ya utafiti na kuandika maelezo yangu, ukurasa mzima. Mkuu wao hakunigombeza. Alinielezea tu kwamba majibu ya mamia ya watoto yanawekwa pamoja ili wajue ni mtoto gani aangaliwe mapema. Ukiharibu moja, unawapotosha hata kwa watoto ambao hawajazaliwa. Wakafuta kila nilichosema. Kwenye sehemu ya baba wakaandika: amefariki, pumu.

Nambozo aliondolewa kwa watoto miezi mitatu, akapelekwa kupanga mafaili, kwa sababu hakuhakikisha anaongea na nani. Nilijaribu kusema kosa ni langu. Aliniambia la kwake pia lipo, na kwamba angependa niende.

Kabla ya kupanda basi nilipita wodini kumuaga Hajarah. Nilimwomba, kama hataona vibaya, niwe napiga kwa simu ya jirani yake mara moja moja, nijue mtoto anaendeleaje. Alifikiri kweli. Halafu akakataa.

"Si kwa ubaya, bwana Ooko," alisema. "Nikiendelea kukusikia, sitamaliza kumzika Muzafaru."

Nilirudi Jinja. Nikamwambia mzee Kirunda ukweli wote, nimesimama mlangoni kwake kama mtoto wa shule. Alisikiliza, mguu ukiwa umesimama kwenye kanyagio la cherehani. Hakunicheka. Aliniuliza chakula cha jioni huwa nakula na nani.

Miaka yote hiyo tulitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, nisikilize. Daktari akikuuliza habari ya mtoto na hujui, sema hujui. Usijaze fomu kwa aibu, wala kwa huruma, wala kwa sababu swali limekufanya ujione mtu. Na upweke ukikushika, usiupeleke kwa watu usiowaona. Gonga mlango ulio karibu, hata kama huna la kusema.

Nikihesabu, Rahmah ametimiza miaka miwili na nusu mwezi huu. Ni hesabu yangu tu. Hakuna aliyenipigia.