Droni ya Jirani wa Juu

Jirani wa juu hajui kubisha hodi kama watu. Hugonga mlango kwa funguo, utadhani mwenye nyumba, kumbe mpangaji tu kama wenzake. Kila droni yake inapoanguka uani, fundi cherehani wa chini hujua kinachofuata: ko-ko-ko, halafu ile sauti nyororo ya kumsomesha mtu mzima. "Dada, cherehani yako inaniharibia mawimbi."

Leo amevuka mipaka. Amezimisha jengo zima: friji, feni, cherehani, hata intaneti za majumbani, eti hizo ndizo adui namba moja wa droni. Na fundi ana sare za shule za kukabidhi jioni! Amesimama mlangoni na futi shingoni, damu inamchemka, anamtazama bwana huyo akilamba kidole na kukiinua kupima upepo. Kisha jirani anaibana rimoti kifuani, pale mfuko wa shati ulipotuna kwa simu, na kuanza kubembeleza: "Panda, mama, panda." Droni inapanda, inapepesuka kama mlevi, inajibwaga kwenye kamba ya nguo.

"Nani hajazima?" anafoka. "Nauliza, nani?"

Dirisha la kwake linafunguka, bintiye anachungulia. "Baba, usizime intaneti ya simu yako! Bado naitumia, napakua filamu."

Mkono wa jirani unapapasa mfuko wa shati, polepole, kama unaogusa kidonda. Anamgeukia fundi.

"Lakini hata cherehani, dada, inachangia."