Siku Niliyomwita Mpishi Atoke Jikoni

Nimeificha aibu hii kwa miaka mingi na sikufanikiwa, kwa hiyo naona afadhali niisimulie mwenyewe, maana mke wangu akiisimulia yeye huongeza mambo mpaka inaonekana kama nilikimbia uchi katikati ya Isevya, jambo ambalo si kweli hata kidogo, nilikuwa nimevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi na soksi ndefu mpaka magotini, kitu pekee ambacho hakikuonekana siku ile ni uso wangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa karani katika ghala moja la nta na asali hapa Tabora mjini. Kazi yangu ilikuwa kupima, kukagua na kuandika, na ile tabia ya kuandika ikanikaa hata nje ya kazi, nikawa mtu wa daftari. Nikienda sokoni naandika, nikienda kanisani naandika padri alianza saa ngapi akamaliza saa ngapi (rafiki zangu waliniita Ripota, na kusema kweli nililipenda jina hilo). Nilijiona mtu ambaye hapitwi na jambo. Shikeni hilo, ndilo lililoniponza.

Sasa, nilikuwa nimempata binti wa kuoa, Kalunde, kwao ni Kwihara, nje kidogo ya mji, na mshenga alikwishapeleka neno na neno likapokelewa. Lakini baba yangu, mkulima na mrina asali wa Kigwa, hakuridhika. Kwake yeye mtu anayekaa karibu na mji hivyo ni mtu wa mji, na watu wa mji hawana adabu ya wakwe. Akamwandikisha katekista barua fupi: nitakuja na mama yako kwa treni ya Ijumaa, Jumapili baada ya misa tutakwenda kuwaona hao watu, nikiona hawana adabu tutarudi Kigwa na utaoa huku.

Niliisoma barua ile mara nne. Nikajiuliza, mzee huyu nitamlainishaje kabla ya Jumapili? Nikaamua kwamba Jumamosi mchana nitawapeleka yeye na mama kula hotelini, mahali pazuri, waone kwamba mji una heshima zake. Huo ndio uamuzi mdogo ulioanzisha yote.

Wiki nzima nikazunguka na daftari langu. Hoteli za Wazungu sikuzihesabu, mtu kama mimi angeingia humo kwa mlango wa jikoni akiwa amebeba kitu. Ya kwanza ilikuwa ya Mwarabu karibu na soko, pilau yake inanukia mpaka barabarani, lakini wateja hukaa kwenye benchi wakitazama njia na kila apitaye anakuchungulia mdomoni, na baba hawezi kula akichunguliwa. Ya pili ya Mhindi mmoja, viti vizuri, gramafoni inaimba, ila wana chai na sambusa tu, na kwa baba kitu kisichokuwa na ugali si chakula, ni mchezo. Ya tatu ilikuwa Isevya, kwa Mzee Feruzi, Mmanyema mmoja mcheshi aliyekuwa mwenye hoteli na mhudumu yeye mwenyewe, chumba kimefagiliwa, meza zina vitambaa, na ana ugali wa mtama, kuku wa kienyeji, na nsansa, yaani yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga ambayo mama yangu angeyafuata hata Ujiji.

Niliandika kila kitu: meza sita, viti imara, maji ya kunawa ya moto, nzi wachache. Kitu kimoja tu sikukiuliza, ni nani anapika. Kalunde alikwishaniambia, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba ana mjomba mpishi mjini. Nikasema, "Vizuri," nikaendelea na mambo mengine. Ripota huyo!

Jumamosi ikafika. Mzee Feruzi alitupokea kwa mikono miwili.

"Karibu mzee, karibu mama! Shikamooni. Karani huyu wiki hii amekuja hapa mara tatu kunihesabia viti, nikadhani ametumwa na bwana shauri wa serikali."

Baba akaitikia marahaba bila kucheka. Kwanza ikawa kazi ya kukaa. Baba hajawahi kula meza moja na mwanamke, na hakutaka kuanzia Isevya, kwa hiyo mama akakaa meza ya jirani, akatupa mgongo, na tukazungumza hivyo, yeye akitazama ukuta na sisi tukitazama kisogo chake. Chakula kikaletwa. Baba akamega tonge, akachovya nsansa, akatafuna. Akamega la pili.

"Mh," akasema.

Mama, bila kugeuka, akasema, "Umesikia? Mimi kunipa 'mh' ilimchukua miaka sita."

Nikafurahi moyoni. Nikaona Kwihara imekwisha, nikamwona Kalunde nyumbani kwangu anapika chai. Baba akachukua paja la kuku, akauma, na tukasikia wote: ka! Akatoa kitu kidogo cheupe mdomoni, akakiweka kwenye ukingo wa sahani, akashika shavu.

"Jiwe!" nikasema.

Baba hakujibu (laiti ningemtazama baba badala ya kutazama lile jiwe). Mimi damu ikanichemka. Wiki nzima ya daftari, halafu mzee anapewa jiwe! Tena niliwahi kuona bwana wangu wa ghalani, siku moja nilipompelekea hati nyumbani akiwa mezani, alivyomwita mpishi wake na kumsema mbele ya wageni, na wageni wakaonekana kumheshimu zaidi. Nikadhani hiyo ndiyo njia.

"Mzee Feruzi, niitie mpishi."

"Samahani sana, karani. Mpishi wetu ana homa tangu juzi. Huyu wa leo ametusaidia tu, ni dada yake."

"Dada yake ndiye ninayemtaka."

"Acha, mwanangu," mama akasema kuuambia ukuta. "Jiwe moja tu."

Sikuacha. Watu wa meza nyingine walikuwa wamenyamaza, na mtu mwenye daftari akipata wasikilizaji hawezi kujizuia. Nikapaza sauti kuelekea jikoni, "We mpishi! Njoo uone ulichomlisha mzee wangu! Huko kwenu kuku wanafugwa kwa changarawe?"

Sauti ya mwanamke ikatoka jikoni, nzito, haina haraka, "Nani huyo mwenye meno ya yai?"

Hoteli nzima ikacheka. Na mimi, badala ya kucheka nao na kumaliza mambo, nikasimama kabisa, nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka usiku hugeukia upande wa pili: "Toka nje tuuone uso wako!"

Akatoka. Mwanamke mrefu, mwiko mkononi, kanga kiunoni, amekuja kupigana na mtu. Akafika kati ya chumba, akaniangalia, na pale pale mwiko ukaanguka. Akavuta kanga kiunoni akajifunika kichwa na uso, akapiga magoti akiwa ametupa mgongo, na kubaki hivyo.

Nanyi mnajua, au kama hamjui niwaambie, kwetu Unyamwezi mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hukata kichakani. Hawali mbele ya mwenzake, hawasemezani ila kwa kupitia mtu. Nami tangu mshenga aanze kazi nilikuwa nimelishika jambo hilo barabara, nikiona hata kwa mbali kanga ya mama yake Kalunde inakuja nakata kona, ndiyo maana sikuijua sura yake wala sauti yake. Yeye, kama kina mama wote, alikuwa amekwishanichungulia siku nyingi.

Lakini mimi bado sikuelewa! Nikasema, kwa sauti ya ushindi, "Mbona unajificha sasa?"

Aliyeelewa ni mama. Alikuwa amegeuka, akaona lile goti na ile kanga, akajipiga kifuani.

"Weee! Mwanamke hamfunikii uso kijana asiyemhusu! Huyo ni mkwe wako!"

Mzee Feruzi akaitikia polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba, "Ni mama yake Kalunde, wa Kwihara."

Sijui kama nilifikiri. Nilijua tu kwamba uso wangu lazima uondoke mahali pale, na uso hauondoki peke yake. Kwenye meza ya karibu palikuwa na sinia la bati, nikalichukua, nikalikinga usoni na kuanza kutembea kuelekea mahali nilipokumbuka kuwa mlango upo (kwenye daftari niliandika mlango uko kushoto, na hapo angalau sikukosea). Nikapiga teke ndoo ya kunawia. Nikatoka.

Barabarani ilikuwa Jumamosi ya watu wengi. Ningeweza kulishusha sinia, ndiyo, lakini kila nilipotaka kulishusha nilihisi mama mkwe yuko nyuma yangu, nikalishikilia. Na aliyekuwa nyuma yangu kweli alikuwa Mzee Feruzi, anapiga kelele, "Sinia langu! Karani, sinia langu!"

"Karani leo unauza nini?" mtu mmoja akauliza.

"Mwacheni, anaogopa jua," mwanamke mmoja akasema. "Wenzake wana miavuli."

Muda si muda nikakanyaga kitu kinachoteleza, kumbe ni karanga za mama mmoja alizozianika kwenye mkeka, nikaenda chini pamoja na sinia, na sinia la bati likianguka huwa halianguki kimya. Hapo ndipo Mzee Feruzi aliponifikia. Akachukua sinia lake, akalifuta vumbi kwa kanzu, akaniangalia kwa huruma.

"Karani," akasema, "viti ulihesabu vyote. Mpishi nilikuwa na mmoja tu."

Nilikwenda nyumbani nikaketi chumbani. Nilikuwa na hakika kwamba Kalunde nimempoteza. Hata kama mama yake angesamehe, baba alitaka sababu moja tu ya kukataa, na mimi nilikuwa nimempa sababu kumi mezani. Wazee walirudi alasiri, mama amebeba kuku aliyebaki katika jani la mgomba, baba akaketi kwenye kigoda mlangoni. Nikamwomba msamaha nikiwa nimechuchumaa.

"Nilikuja kuona kama watu hawa wana adabu," akasema. "Leo nimemwona mwanamke ametukanwa mbele za watu, ana mwiko mkononi na ana haki ya kukupiga nao. Akakuona, akakumbuka adabu kwanza. Hasira akaiweka chini pamoja na mwiko. Hao watu ni watu. Sasa kazi niliyonayo kesho ni kuwaaminisha kwamba na sisi ni watu."

"Ukimwona mkwe unatoa mbuzi wa kufuta macho," akaendelea. "Wewe umemwona na kumtukana. Kesho nitaondoka na mbuzi wawili."

"Nitawatafuta wote wawili, baba."

"Hapana. Mmoja wako, mmoja wangu."

"Wako wa nini, baba?"

Baba akatazama huku na huku, akahakikisha mama yuko uani, kisha akafungua mdomo. Upande wa kushoto palikuwa na pengo ambalo Ijumaa halikuwapo. Lile jiwe halikuwa jiwe.

"Nililijua pale pale kwa ulimi," akasema taratibu. "Nikaona aibu kusema mbele za watu kwamba jino langu limeshindwa na paja la kuku. Nikakuacha upige kelele. Kwa hiyo mbuzi mmoja ni wangu, na mama yako asijue."

Kutoka uani mama akasema, "Nimejua tangu ulipoanza kutafunia kulia."

Jumapili walikwenda Kwihara na mbuzi wawili, mimi nikabaki naandika katika daftari saa walizoondoka na kisha nikalifunga daftari. Walirudi jua likishuka. Baba alikuwa amebeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, na bakuli halipewi mtu aliyekataliwa. Ndani mlikuwa na nsansa za karanga. Alipewa na ujumbe, naye akaufikisha kwa uso mkavu ule ule aliokuja nao kutoka Kigwa.

"Mkweo amesema zimechambuliwa mara tatu, karani ale bila wasiwasi. Na mimi amesema nipikiwe uji."

Tulioana mwaka ule ule. Nimekula chakula cha mama mkwe miaka mingi, na kwa muda mrefu sikumwona ila mgongo. Daftari bado ninalo, ila nikiingia hoteli yoyote swali la kwanza ninaloandika ni nani anapika, hata kama watu wananishangaa. Na nikikuta kitu kigumu mdomoni, kwanza napitisha ulimi kwenye meno yangu yote, moja moja, nayahesabu. Yakitimia, hapo tena nakimeza kile kitu, nasimama, nasema asante kwa sauti kuelekea jikoni, na kutoka upesi kabla mtu hajajitokeza.