Kichembe Kilichohama Katikati

Ukimwona Benedicta anavyotembea polepole na kandambili zake, usidhani ni mtu wa hivi hivi. Mwaka sabini na nane, katika hospitali ya misheni jirani na Chimala, mashine ya eksirei ilikuwa mikononi mwake, na aliyemwita yeye "daktari" alikaripiwa papo hapo.

Siku hiyo Ng'washi alimleta mumewe Limbu, aliyeanguka kwenye mkokoteni akagonga kichwa. Limbu alizimia, kisha akaamka, akaongea vizuri, hata akaomba chakula. Picha haikuonyesha ufa wowote kwenye fuvu, basi Daktari Joachim akawaruhusu waende zao.

"Subiri kidogo, Daktari," Benedicta alisema, filamu bado inachuruzika maji. Watu wazima wengi wana kichembe cha chokaa katikati kabisa ya ubongo. Damu ikivuja upande mmoja, ubongo husukumwa, nacho kichembe huhama. Cha Limbu kilikuwa kimeenda kushoto. Lakini kichwa kikipinda kidogo tu wakati wa kupiga, picha hudanganya, na mtu asiye na ugonjwa atatobolewa fuvu bure, kutafuta damu isiyokuwepo! Hapo ndipo palipomtatiza Benedicta. Na filamu ya kupigia tena ilibaki moja tu.

"Baba, lala tena."

Ng'washi akaja juu. "Mtu amepona! Wewe mchawi nini, unamtafutia ugonjwa? Lori linatuacha!"

"Liwaache."

Akamwekea Limbu vifuko vya mchanga huku na huku, kichwa kisipinde. Akapima kwa rula kutoka kila sikio hadi mezani, akarekebisha, akapima tena. Jamani, mwanamke yule!

Picha ya pili ikatoka. Kichembe kilikuwa kushoto vilevile, karibu nusu sentimita. Na Limbu naye alikwisha kuanza kutapika, maneno yakimlegea mdomoni. Joachim hakubisha. Alimtoboa fuvu upande wa kulia, likatoka donge jeusi la damu.

Asubuhi Ng'washi alimfuata Benedicta ukumbini, akampigia magoti.

"Mama, jana nilikutukana."

"Ulinitukana kweli, tena sana," Benedicta alisema, akimwinua. "Haya, nenda ndani upesi. Mumeo anakuita."