Sahani ya Butoyi

Nilipokuwa mtoto bado, wa kutumwa chumvi nikarudi na sukari, nyumbani kwetu Ujiji walikuja wageni wawili wanaokula kwa sahani tatu. Hesabu hiyo ilinishinda wakati ule, na nikisema kweli, inanishinda mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, watu wakivuka ziwa kutoka Burundi kwa mitumbwi, huyu na godoro kichwani, yule hana hata kandambili. Wengi walipelekwa kambini. Mama Bukuru alikuwa anaumwa, na bibi yangu, mzaa baba, alimkuta ameketi ufukweni na mtoto mapajani akasema huyu haendi popote. Bibi akishasema, amesema. Akawapa chumba cha uani, yeye na mwanawe Bukuru, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kutembea.

Kwetu Kigoma ukisikia mtoto anaitwa Bukuru, unauliza Butoyi yuko wapi. Ni majina ya mapacha, kwa Waha na kwa Warundi: Bukuru ndiye anayetangulia kuzaliwa, Butoyi anamfuata. Shangazi yangu aliuliza siku hiyohiyo. Mama Bukuru akaonyesha ziwa kwa kidevu, akaendelea kumenya muhogo. Butoyi alifia mtumbwini, wakamwacha majini kwa kuwa safari ilikuwa bado ndefu.

Mimi nikasikia tu kwamba amebaki ziwani. Nikaelewa amechelewa, kama watu wanavyochelewa. Nilipotumwa maji nilikuwa nasimama kidogo kumtazamia.

Sasa, pacha hanyimwi alichopewa mwenzake. Hilo kwetu halikuwa na mjadala. Ukimnunulia mmoja shati, nunua mawili. Ukimnyima mmoja, ataona wivu, na wivu wa pacha aliyekufa ndio mbaya zaidi, maana anaweza kuja kumchukua nduguye. Mama Bukuru alilishika jambo hilo kuliko alivyoshika kitu kingine chochote. Chakula cha mwanawe alikigawa nusu kwa nusu kwenye sahani mbili: ugali, dagaa, maharage, hata uji. Nusu alikula Bukuru. Nusu aliipeleka ziwani, akaimwaga taratibu huku akizungumza kwa Kirundi. Kuomba aongezewe hakuthubutu; alikuwa mgeni, na sufuria yetu yenyewe tuliijua.

Samaki wa Ujiji walinenepa. Bukuru hakunenepa. Miguu yake ilivimba, nywele zikawa nyekundu na nyepesi, akawa anakaa tu kizingitini bila hata kumfukuza kuku. Nesi wa zahanati alisema mtoto hali vya kutosha, atakufa hivihivi. Apewe uji wenye unga wa dagaa, apewe na yai.

"Ego," akaitikia Mama Bukuru, yaani ndiyo.

Bibi akatoa yai la kuku wake. Likachemshwa, likamenywa, likakatwa katikati kwa uzi. Nusu moja ikaenda ziwani.

Jamani, hapo ndipo kichwa changu kiliposimama. Nilimwamini nesi, maana alikuwa na sare nyeupe. Nilimwamini na Mama Bukuru, maana alikuwa mama. Sasa Bukuru atakufa kwa kunyimwa yai zima, au atakufa kwa kulila? Nilitembea na swali hilo kutwa nzima nikiogopa kumuuliza mtu.

Shangazi hakuwa na subira. "Mama Bukuru, unamlisha marehemu, unamuua aliye hai!"

Mama Bukuru akaweka sahani chini. "Dada, nilimwacha mara moja. Mnataka nimwache tena?"

Shangazi akaingia ndani. Nikamsikia anapenga kamasi.

Kesho yake Bibi, alipomaliza swala ya adhuhuri, akatandika mkeka uani, akampa Bukuru sahani yake, imejaa, yai zima juu. Halafu akaweka sahani nyingine, imejaa vilevile, mahali pasipo na mtu.

"Mama Bukuru," akasema, "mwenye nyumba hii nani?"

"Ni wewe, mama."

"Basi mbona mjukuu wangu unampelekea chakula kule kwenye baridi, kama hana kwao? Kuanzia leo Butoyi anakula hapa, na ndugu yake. Sahani yake napakua mimi."

Tukaanza kula. Mimi nikasogea kidogo pale mkekani, nikaendelea na ugali wangu. Bukuru akamaliza yai lake, akawa anaitazama sahani ya pili. Bibi akainamisha sikio, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo.

"Kashiba. Anasema kilichobaki ale nduguye."

Mama Bukuru akamkazia macho. "Amesema hivyo?"

"Kasema. Pacha akimpa pacha mwenzie, wewe utamkatalia?"

Akaitazama ile sahani, mpaka nikadhani sasa anainuka kuipeleka ziwani. Kisha akaisogeza mbele ya Bukuru, na akalia. Alilia kwa sauti kubwa, majirani wakachungulia, na Bibi akamwacha alie. Bukuru yeye alikuwa anakula.

Ikawa hivyo kila siku. Uvimbe ulikwisha, akaanza kufukuza kuku, akaanza na kuning'ata mimi, mshenzi yule. Baadaye kaka yake Mama Bukuru alipatikana kambini, wakaenda kumfuata. Sikuwaona tena, na inaniuma.

Siku hizi simu yangu imejaa mawaidha ya afya: kunywa maji ukiamka, punguza wanga, waza mema. Sawa, najitahidi, nikikumbuka. Lakini nikijiuliza kilichomponya Bukuru ni yai au ni kule kuambiwa kwamba nduguye kashiba, nababaika kama zamani.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Bibi, nikitegemea atacheka na kukiri kwamba ilikuwa janja yake tu. "Bibi, hebu niambie ukweli. Butoyi ulimwona?"

"Mimi macho yangu yalikuwa yameshaanza ukungu," akasema. "Wewe mwenye macho mazima, ulikuwa unampisha nani pale mkekani?"

Ni kweli, kila adhuhuri nilisogea, na hakuna aliyewahi kuniambia nisogee.