Sindano ya Picha

Nilikuwa na saratani ya damu, na bandama langu lilikuwa limevimba hadi watoto wa jirani wakaniita mama mwenye mimba. Nilicheka nao. Nilikuwa kijana wa kucheka, nikiota kwamba siku moja nitaendesha treni ya shaba mpaka baharini.

Daktari alitaka picha ya bandama. Si picha ya kawaida: kwanza unachomwa dawa yenye mionzi, kisha mashine inaifuata mwilini. Mionzi niliijua kwa ubaya wake tu. Wazee waliochimba urani upande wa Likasi walisema jiwe lile linakula damu kimya kimya. Damu yangu ilikuwa imeliwa tayari. Sasa naongezewa jiwe?

Mtaalamu wa mashine alinichoma, akapiga picha, akaniita raia kwa Kifaransa, "Sitwayeni, mpaka kesho asubuhi usibebe mutoto mudogo, na usikae karibu na mwanamuke wa mimba. Kunywa maji mingi. Uko na ulizo?"

Nyuma yangu benchi lilijaa watu wenye sura ya wasomi. Mimi nilikomea darasa la sita.

"Apana," nikasema, nikatoka na maswali yangu kama mtu aliyeiba.

Niliishi kwa kaka yangu, mtaa wa Kenya wa mji wetu, si nchi ile, ambaye siku hiyo alikuwa zamu mgodini. Mke wake alikuwa na mimba kubwa. Nyingine mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hiyo. Sikuingia ndani, nilikaa uani. Akaniletea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani moja, kama tulivyokula siku zote, akavuta kigoda. Nikasogea. Naye akasogea. Nikasogea tena mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Kwetu shemeji ni mume mdogo, mzaha haukomi.

"Bwana yangu, unanikimbia? Ulipata bibi mwingine ku hospitali?"

"Sina njaa, shemeji. Ni joto tu."

"Joto? Mu hii baridi ya mwezi wa sita?" Akavuta sahani kwake. "Sawa. Nguo zako za damu ya pua ninafua mimi. Leo sahani yangu ndiyo iko buchafu."

Ikabidi niseme. Nilisema nikitazama chini, na nilipoinua macho alikuwa ameshika tumbo, anarudi kinyumenyume hadi mlango wa jikoni. Niliona haya kana kwamba mwili wangu ulikuwa umemtukana.

"Na hukuuliza hatari yake iko namna gani?" alisema kutoka mlangoni.

"Wangenicheka."

"Heri bakucheke."

Akalala kwa jirani.

Asubuhi tulikwenda hospitali, yeye mbele, mimi nyuma sana, akinisemesha bila kugeuka. Watu walidhani tumegombana. Mbele ya benchi lile lile aliuliza yote: mtoto, choo tunachochangia na wapangaji, na mwisho, bila mimi kumtuma, "Na yeye mwenyewe? Damu yake iko na ugonjwa tayari. Hii dawa haitamuongezea?"

Mtaalamu alimjibu polepole. Dawa ni kidogo, nguvu yake hupotea upesi, leo ni kama haipo. Choo kisimsumbue, na kukaa karibu nami kidogo jana hakutamdhuru mtoto. Kwangu mimi, hakuweza kusema hatari haipo kabisa, ila ni ndogo, na bila picha daktari angetibu kwa kubahatisha.

"Mungeuliza jana," alisema. "Kila mugonjwa anaogopa ile. Banauliza kila siku."

Nilitazama sakafu. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye abakosti, suti ya wakubwa wa zamani, alikuwa ameinama mbele ili asikie jibu vizuri.

Tulirudi tukitembea sambamba. Karibu na soko nilijaribu mzaha, nikamwambia sasa mume wake mdogo amerudi mzima.

"Nyamaza kwanza, bwana yangu," alisema, mkono ukiwa bado juu ya tumbo. "Sikulala."