Mswala Uliobaki Kambani

Nyumbani kwetu Amu, mjini Lamu, miswala hutundikwa kwenye kamba nyuma ya mlango wa ukumbi. Kila mtu ana wake. Mwanamke akiwa katika siku zake mswala wake hubaki pale, na hakuna anayeuliza. Wanaume tunaona, tunanyamaza, na hiyo ndiyo heshima.

Alasiri moja mwaka huu niliona mswala wa binti yangu mdogo umebaki kambani. Adhuhuri pia ulikuwa hapo. Binti huyu ameolewa, mumewe anafanya kazi hotelini Manda, na yeye alikuwa amerudi kwetu kwa kuwa mimba yake ya kwanza ilimtapisha sana. Mimba yenyewe ilikuwa changa bado. Sikuambiwa waziwazi, lakini baba huelewa harufu ya kahawa inapopigwa marufuku nyumbani.

Mwenye mimba, na haswali. Nilikaa kwenye baraza ya ndani nikashika magoti yangu, kwa sababu jambo hili lilikuwa limenipitia tayari, na nilikosea.

Nilipooa, nilihamia kwao mke wangu, kijiji cha Mbwajumali. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikihudhuria darsa msikitini, na nilijiona mtu wa kuulizwa. Mke wangu alininong'oneza kwamba anadhani ana mimba. Baada ya muda akaacha kuswali. Nilipomtazama, alisema, "Nimeona kidogo. Matone tu."

Nilijua la kufanya, au nilidhani najua. Nilikwenda kwa sheikh nikamuuliza: mwanamke anayedhani ana mimba akaona damu, aswali au aache? Alinijibu kwa utulivu, akanieleza wanavyuoni wanasemaje kuhusu hedhi na damu isiyo hedhi. Nilipoinuka alinishika mkono. "Hilo ni la swala," alisema. "La mwanamke mwenyewe, mpeleke kwa wanaolijua."

Nilirudi nyumbani na nusu ya kwanza ya jibu lake. Nilimweleza mke wangu hukumu ile vizuri sana, hata na mifano. Yeye alinisikiliza huku ameweka mkono chini ya kitovu. Sikumuuliza kama anaumwa. Siku chache baadaye aliumwa sana, damu ikaja nyingi, na mama yake akafua nguo bila kusema neno. Mimi nilisema. Nilimwambia, "Pengine hukuwa na mimba. Siku zako zilichelewa tu."

Nilitaka kumfariji. Lakini kwa maneno yale nilimnyang'anya hata ruhusa ya kuhuzunika. Nani aje kumpa pole kwa mtoto, ikiwa mume mwenyewe anasema hakuwako?

Basi alasiri ile nilimfuata mke wangu jikoni. Alikuwa anakuna nazi.

"Mwanao leo haswali?"

"Bwana, umeanza lini kukagua miswala ya wanawake?"

"Si ana mimba?"

Mkono wake ulisimama juu ya mbuzi. "Kaona matone. Nimemwambia alale. Yatakatika."

"Anaumwa tumbo? Upande mmoja? Anaona kizunguzungu?"

Alinitazama kana kwamba nimeongea Kichina. Maswali yale niliyapata redioni, katika kipindi cha afya, nikiwa mzee tayari. Sikuwahi kuyatoa mdomoni.

Nilisimama nje ya pazia la chumba cha binti yangu, uso wangu ukielekea ukutani.

"Mwanangu, nasikia umeona damu."

"Mama! Umemwambia?"

"Si mimi niliyeanza," mke wangu alijibu nyuma yangu. "Mswala wako ndio uliomwambia."

"Baba, naona haya."

"Na mimi naona haya. Tuone haya sote ndiani, tukienda hospitali."

Alicheka kidogo, kisha nikasikia analia. Nikaamua kutafuta punda ili asitembee. Mke wangu akanikemea. "Punda, na vichochoro hivi? Wataka yeo hii amwage hata alichonacho?" Tukashuka taratibu hadi pwani, tukapanda boti ndogo iliyotupeleka upande wa hospitali.

Muuguzi alimuuliza binti yangu mambo mengi: damu ina rangi gani, inajaza pedi au inagusa tu, anaumwa wapi, bega linauma, amezimia? Alimpima damu, akampeleka kupigwa picha ya tumbo. Mimi nilibaki kwenye benchi nikitazama slipa zangu. Walipotoka, mke wangu alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Moyo wapiga," aliniambia. "Nimeuona mwenyewe. Kama kijitaa kinachomemeta."

Muuguzi alituketisha sote watatu. Alisema matone katika miezi ya mwanzo huwapata wanawake wengi, na wengi wao huendelea hadi wakajifungua salama. Pengine ni mimba inajishika kwenye mji wa uzazi, pengine ni mlango wa kizazi umeguswa. Lakini pengine mimba inaanza kuharibika, au imekaa nje ya mji wa uzazi, na hiyo huweza kumuua mama. "Kwa kutazama nguo tu hamwezi kujua ni ipi," alisema. "Ndiyo maana damu yoyote, hata kidogo, mje. Ikizidi, au ikija na maumivu makali au kizunguzungu, msingoje asubuhi. Na miezi ya mwisho msingoje hata kidogo."

Mke wangu aliuliza polepole, "Na aliyeharibikiwa zamani, angefika mapema mtoto angeokoka?"

"Sijui, mama. Mara nyingi haizuiliki, wala si kosa la mama. Lakini yeye mwenyewe angeangaliwa."

Binti yangu aligeuka. "Nani huyo, Mama?"

Mke wangu alikunja mtandio wake mapajani, akaukunjua, akaukunja tena. "Muulize babako," alisema.

Ningeweza kusema tutaongea nyumbani. Muuguzi alikuwa bado yupo, akiandika.

"Kabla ya kaka yako mkubwa mama yako alikuwa na mimba," nilisema. "Aliona damu, mimi nikaenda kuuliza habari za swala. Ilipoharibika nikamwambia haikuwako. Ilikuwako."

Binti yangu alimshika mama yake mkono.

Tulirudi kwa miguu ya polepole kutoka kwenye gati, binti yetu akitangulia kwa kuwa hakutaka kushikwa kama mgonjwa. Mke wangu alikuwa kando yangu. Karibu na mlango wetu alisimama kuvuta pumzi.

"Ungeniambia hivyo siku ile," alisema, "ningelia nikamaliza."