Mashavu ya Binti Yangu

Mimi nina hasira za karibu, na kilima chetu chote, huku juu ya Kalembe, kinalijua hilo. Nalitaja mapema kwa sababu mwanamke ninayemshukuru hapa nilimfukuza uwanjani kwangu nikiwa nimeshika mchi wa sombe.

Mwaka ule mvua ilinyesha hadi maharage yakaoza shambani yangali maua. Kidogo tulichovuna tulikiweka kiwe mbegu. Kuku walitaga, lakini mayai yalikwenda soko la Kashebere; isitoshe, tumekua tukiambiwa kwamba mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi. Basi asubuhi bugali ya mihogo, jioni bugali ya mihogo, na pembeni sombe, majani yake ya kutwangwa, isiyo na mafuta. Hakuna aliyelala njaa. Matumbo yalijaa, nami nilijiona mama anayejitahidi.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Alikuwa haniachi nipumue. Wasichana wakijipanga mistari miwili kucheza nzango, wakipiga makofi, wakiruka na kutupiana miguu, yeye alijipenyeza katikati ya wakubwa, na akishindwa alizusha ugomvi. Hilo alilirithi kwangu. Nilimwita mara nne kabla hajaja kwenda kuteka maji.

Halafu akatulia. Alikaa kizingitini, mikono mapajani, akiwatazama wenzake. Mashavu yakamjaa, miguu ikanenepa, ngozi ikang'aa. Mama mkwe alisema sasa mtoto amepata adabu. Nikavimba kichwa. Jumapili moja nilimpakata makusudi kwenye benchi la mbele kanisani, watu waone jinsi ninavyolea. Nikikumbuka hilo leo naona aibu hadi masikioni.

Na jirani yangu tuliyepakana naye mashamba hatukuwa tukielewana. Mbuzi wake walikula mihogo yangu, nami nilikuwa nimempa vidonge vyake, yeye na mbuzi wake. Asubuhi moja alikuja nikiwa natwanga. Hakuketi. Alimtazama binti yangu kwa muda, akapiga magoti, akambonyeza mguu kwa kidole gumba.

“Mama,” akasema, “huyu mutoto hachezake tena. Haiko kunona. Iko navimba. Hii njo bwaki.”

Kwetu bwaki ni ugonjwa wa mtoto anayeshiba kila siku lakini hapati chakula cha kujenga mwili. Ila watu hulitamka neno hilo kama tusi. Nyumba yenye bwaki, husema, ni nyumba ya mama mvivu, au ya mama anayekula kwanza mwenyewe.

“Bwaki iko kwako!” nilimjibu. “Unaona wivu juu mutoto wangu ananona! Toka!”

Alitoka, lakini polepole. Penye ua akageuka. “Unikatae, sawa. Bonyeza wewe mwenyewe, Mama.”

Nilitwanga sombe ile hadi ikawa maji. Kisha nikamwita mtoto, nikajifanya nataka kumwosha miguu. Nilibonyeza. Nilipoondoa kidole shimo lilibaki palepale, kama kwenye bugali. Nikabonyeza mguu wa pili, shimo likabaki vilevile. Mwanangu alinitazama tu, hata hakulalamika. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mficha maradhi kifo humwumbua. Baba yake alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, nami nikafuata nyuma nikimfunika miguu kwa kitenge ili watu wa njiani wasione. Muganga, ndivyo tunavyomwita muuguzi, alimpima, akazishika nywele zake zilizokuwa zimegeuka rangi ya majani makavu, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

“Anachezaka?”

Nikasema hapana, ametulia, ana adabu.

“Mama,” akasema bila kunikaripia, “mutoto wa miaka sita akitulia hivi, mwili wake unabana nguvu kidogo yenye ilibakia.” Akaongeza kwamba tungekawia kidogo tu, angekuwa anatuambia maneno mengine.

Tulipewa pakiti za karanga tamu zilizosagwa, na agizo la kurudi kila wiki. Nyumbani nipike uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama. Nimpe maharage hata kama ni machache, samaki wadogo wa ndagala wakipatikana, na yai.

“Na wizi?” nikauliza.

“Akianza kuiba, mumulete, tutaangalia.”

Wiki ya kwanza kilo zilishuka. Ya pili zikashuka tena. Uvimbe ulipotoka, chini yake alikuwepo mtoto mwembamba nisiyemjua, mbavu zinahesabika. Muganga alifurahi, mimi nililia. Nilitaka kuachana na pakiti zile, maana macho yangu yaliniambia namwua mtoto. Siku hiyohiyo jirani akaja na kikapu cha maharage, mbegu zake mwenyewe za msimu.

“Yale yalikuwa maji, Mama. Acha yaende. Mutoto wako njo huyu.”

Nilipokea macho chini. Hadi leo nikitia maharage chunguni namshukuru Mungu kwa kikapu kile, na mayai yetu hayaendi Kashebere kabla watoto hawajala.

Alasiri moja nilitoka jikoni nikakuta kizingiti kitupu. Nilikimbia nikimwita, hadi uwanja wa shule. Alikuwa kwenye mstari wa nzango, miguu kama vijiti, anaruka. Akaanguka. Akainuka, akamsukuma msichana aliyemzidi kimo, akarudi mahali pake.

“We, kuja hapa!” nikaita.

“Niache, Mama, niko nacheza!”

Kumjibu mzazi hivyo, siku nyingine kungemletea kofi. Nilikaa kwenye majani nikalia kwa sauti, waliokuwa karibu wakadhani nimefiwa.

Jirani yangu alikuwa anatoka shamba. Akaweka jembe chini, akaketi kando yangu. Nilimwambia asante. Nikamwomba anisamehe kwa ajili ya mchi. Kisha nikamwuliza aliwezaje kuona, hali mimi niliyemzaa sikuona.

Alikuwa akiitazama miguu ya wasichana ikipanda na kushuka.

“Wa kwangu wa kwanza,” akasema, “watu walinipongezaka. Na mimi nilikuwa nasema: iko nanona.”